Kicheko cha Mwenye Kisa

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali moja kubwa kulikuwa na sheria ambayo hakuna bosi aliyeitunga: hakuna kucheka kabla ya mwenye kisa. Ukileta habari ya mume wako aliyelewa akalala kwenye banda la kuku la jirani, wenzako watakusikiliza kimya, mikono ikiendelea na kazi, mpaka wewe mwenyewe uangue kicheko. Ukicheka, umewapa ruhusa, na hapo ndipo utajua kwa nini wagonjwa wa wodi ya karibu huomba madirisha yafungwe. Usipocheka, basi hicho si kichekesho, ni msiba, na watakupa pole na kiti cha kukalia.

Sheria hiyo aliianzisha Nyoosha. Ndivyo walivyomwita, kwa ajili ya pasi yake, na wengi hawakulijua hata jina alilopewa na wazazi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye viganja vilivyozoea moto kiasi kwamba aliweza kushika sufuria jikoni bila kitambaa na kuuliza watu wanashangaa nini. Kazi yake kubwa ilikuwa mashuka. Sasa, shuka la hospitali si la kukunjwa na mtu mmoja. Wanatakiwa wawili, kila mmoja ashike ncha zake mbili, walikung'ute, walivute, kisha watembee kuelekeana mpaka ncha zikutane. Mwenzake wa kukunja alikuwa mwanamke aliyeitwa Mrefu, na hakuitwa hivyo kwa kutaniwa. Miaka nenda miaka rudi wawili hao walikutana na kuachana, wakakutana na kuachana, na humo Nyoosha ndimo alimojifunzia kusimulia. Alianza kisa ncha zikiwa mbali, akakivuta polepole, na lile neno la kuvunja mbavu akalitoa pale vidole vyake vilipogusa vya Mrefu. Akiliwahisha halichekeshi, akilichelewesha limepoa.

Kisa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha kituo cha mabasi. Mumewe alimwambia anasafiri kikazi, hatakawia. Nyoosha akamfulia na kumpigia pasi kila shati, maana mume wa mpiga pasi haonekani ugenini na mikunjo. Akamfungia begi, akamtilia na sabuni, akamsindikiza, na begi akalibeba yeye. Kituoni wakamkuta mama mmoja mtanashati, amezungukwa na mizigo. Nyoosha akamhurumia, akamsaidia kupandisha mizigo yote, na kwa vile jua lilikuwa kali akamnunulia na maji. Yule mama akamshukuru sana, akayasifu na mashati ya mume kwa jinsi yalivyonyooka.

"Basi likaondoka," Nyoosha alisimulia, akimwendea Mrefu na ncha zake. "Nikapunga mkono. Mume wangu akapunga. Yule mama, kakaa naye kiti kimoja, naye akapunga. Nikarudi nyumbani najisemea moyoni..." Hapa alinyamaza, hatua moja, hatua nyingine, vidole vikagusana. "Watu wa basi hili wana adabu."

Halafu alicheka yeye, na chumba kizima kikaanguka juu ya marundo ya nguo. Walikisikia kisa hicho mara nyingi mno, na bado waliomba kirudiwe, kama watoto wanaojua mwisho wa hadithi na ndio maana wanaitaka.

Mume hakurudi, hilo kila mtu alilijua. Lakini mtu aliyeachwa huonewa huruma, na huruma, muulize aliyewahi kupewa, ni mzigo usio na mahali pa kuutua. Unasalimiwa kwa sauti ya chini. Unaulizwa kama umekula. Nyoosha aliukataa mzigo huo kwa kucheka kwanza. Kile kicheko ndicho kilichomsimamisha kati ya watu miaka yote hiyo akiwa na shingo iliyonyooka. Hakuwa na kingine.

Kulikuwa na kipande cha pili cha kisa ambacho hakikufika kamwe kwenye mashuka. Siku ile ya safari shati moja la mume, la buluu, lilibaki kwenye kamba kwa sababu halijakauka. Kola yake ilikuwa imechakaa, na Nyoosha alikuwa ameigeuza na kuishona upya kwa uzi mweupe, wa buluu ulipokuwa umemwishia. Karibu mwaka mzima alilifua shati hilo kila wiki, ingawa hakuna aliyelivaa. Alilipiga pasi, akalivisha kiti cha mezani, akapakua sahani mbili, akala huku akiliongelesha: habari za kazini, mashine iliyoharibika, sabuni iliyopanda bei. Alijua ni shati. Hakuwa na wazimu. Ila kiti kitupu kilimshinda.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeambiwa hayo, naye alikuwa Kitinda, mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki Kitinda akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo huyo kwake alikuwa ndugu na mtoto pamoja. Siku moja alikuja akamkuta dada yake ana homa kali. Akampikia uji, akamkandakanda, na katika unyonge ule wa homa Nyoosha akafungua kifua chake chote. Kitinda alilia machozi ya kweli. Kisha akasimama, akalivua lile shati kutoka kwenye kiti, akasema, "Nipe mimi hili, dada. Likikaa hapa litakumaliza." Akaondoka nalo. Tangu siku hiyo Nyoosha alipakua sahani moja, akapona, na kila alipomwona mdogo wake alikumbuka kwamba kuna mtu duniani aliyemwokoa.

Kitinda alikuwa mpiga picha za video za harusi. Lakini moyo wake haukuwa kwenye harusi za watu, ulikuwa kwenye filamu, tena filamu ya kuchekesha. Mwaka mmoja akaja kwa dada yake kwa heshima zote, akakaa kwenye mkeka kama mtu anayeposa, akaomba kisa cha kituo cha mabasi. Alisema kile kisa watu wote wanakijua, kimeshakuwa cha wote, asingefanya kingine ila kukiweka kwenye picha. Nyoosha alifurahi mpaka akaona haya. Akamruhusu. Akafanya na zaidi: akawapigia pasi waigizaji nguo zao, magauni, aproni, hata kofia ya dereva wa basi, jioni baada ya jioni, akitoka kazini hajapumzika. Mwenye kumpenda mtu hapimi pasi.

Siku ya kuionyesha ilipangwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa shule ulioazimwa, madirisha yakafunikwa mapazia meusi. Mambo ya Kitinda yote yalisimama hapo. Alikuwa amemwalika bwana mmoja anayenunua filamu kwa ajili ya televisheni, mtu ambaye, walisema, hatazami kioo cha filamu, anasikiliza viti. Watu wakicheka, ananunua. Wasipocheka, anaaga. Basi Kitinda, kwa akili yake, akaalika wanawake wote wa chumba cha kufulia na waume zao, maana nani mjini hapo aliyewahi kuwasikia wakicheka akasahau? Hesabu nzuri. Ila Kitinda alikuwa amewasikia wakicheka mara nyingi, akapita dirishani, akafurahi. Hakuwahi kuuliza nani anakifungua kicheko chao. Asubuhi hiyo Nyoosha alimpigia pasi suti yake nyeupe, akamtengeneza kola, akampiga kofi la mapenzi begani.

Filamu ikaanza. Mhusika wa Nyoosha aliigizwa na mwanamume aliyevaa wigi na kufungwa mito makalioni. Sawa, si vibaya, watu wamecheka kwa madogo kuliko hayo. Lakini picha ya kwanza kabisa iliwaonyesha mume na yule mama wa mizigo wamekaa wanapanga safari yao, wanacheka, wanamsema mke. Hapo hapo, kama unataka kujua, ndipo filamu ilipoanza kufa. Kisa cha Nyoosha kilikuwa kitamu kwa sababu msikilizaji alipunga mkono pamoja naye, akabeba mizigo pamoja naye, akanunua maji pamoja naye, hajui kitu. Na alipokuja kugundua, alijicheka mwenyewe. Kitinda alimweka mtazamaji upande wa wale wawili. Kilichobaki kilikuwa kumtazama mtu akidanganywa kwa dakika ishirini, na hilo hatuhitaji kwenda ukumbini, tunaliona nyumbani.

Basi likaondoka. Mwanamume mwenye wigi akapunga mkono, akatumbua macho, tarumbeta likalia paaa kuwajulisha watu kuwa hapa ndipo pa kucheka. Akasema, "Watu wa basi hili wana adabu," haraka haraka, kama anayekimbizwa.

Kimya. Wanawake wa kufulia wakageuza shingo kidogo tu, wakamtazama Nyoosha aliyekaa katikati yao. Kisa ni chake, wao wangefanyaje? Nyoosha akamwona mdogo wake ukutani, suti nyeupe, kidole mdomoni kama alivyofanya utotoni akisubiri kuchapwa. Moyo ukamwuma. Akacheka. Alicheka kwa sauti ile ile ya chumbani, na mara moja ukumbi wote ukalipuka nyuma yake. Yule bwana wa televisheni akakunjua mikono aliyokuwa ameifunga kifuani.

Kuanzia hapo Nyoosha akafanya kazi. Mwanamume mwenye wigi akateleza kwenye povu, Nyoosha akacheka, wenzake wakafuata. Akatumbukia kwenye beseni, Nyoosha akacheka, wakafuata. Kilikuwa kicheko cha kuazima, na mwenye sikio alikijua, lakini viti vililia, na Kitinda ukutani akatoa kidole mdomoni. Mrefu, aliyekaa kando ya Nyoosha, akamnong'oneza kwamba mbavu zake zinachoka kwa kutumwa. Nyoosha akamfinya anyamaze. Alikuwa tayari kumchekea mdogo wake mpaka mwisho.

Ndipo kioo kikajaa buluu. Ilikuwa kola ya shati, imechukuliwa kwa karibu mno, na ukingoni mwake ukapita mshono wa uzi mweupe. Nyoosha aliutambua mkono wake kabla hajalitambua shati. Picha ikarudi nyuma: shati limevishwa kiti, meza, sahani mbili. Mwanamume mwenye wigi akaketi, akajilegeza, akasema kwa sauti ya puani, "Mume wangu, unajua sabuni imepanda bei?" Akachota mchuzi kwa kijiko, akailisha ile kola tupu. Mchuzi ukatiririka kifuani mwa shati. Akalipangusa, akalibusu mkono. Tarumbeta likalia paaa.

Nyoosha aliona aibu, ikaja hasira, kisha likaja jambo baya kuliko yote mawili. Aliliona lile begi alilolifunga mwenyewe. Aliona zile jioni za kupiga pasi magauni na kofia ya dereva, na suti nyeupe ya asubuhi ile, na jinsi alivyompiga begani akamwombea heri. Mara ya pili maishani mwake alikuwa amemnyooshea nguo mtu anayekwenda kumwacha kituoni, na akapunga mkono. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakumfikiria mpiga pasi.

Wanawake wakageuza shingo tena. Safari hii haikuwa kuomba ruhusa. Mmoja mmoja walikuwa wanaelewa, maana hili hawakuwahi kulisikia, na mtu hawezi kulibuni jambo la sabuni kupanda bei. Mrefu akauliza kwa sauti isiyosikika, "Ni kweli?" Nyoosha akashusha macho kwenye viganja vyake, na hilo likawa jibu.

Onyesho hilo lilikuwa refu. Kitinda alilipenda kuliko yote, ndiyo maana akalirefusha. Shati likaombwa radhi, likachezewa muziki, likafungwa tai, na kila mara tarumbeta lilimwagika katika ukumbi uliokuwa kimya hata viti vya plastiki vikasikika vikilalamika. Mwishowe Kitinda akaja ameinama katikati ya safu, akachuchumaa miguuni pa dada yake. Alikuwa ameshaelewa ni nani anayekifungua kicheko.

"Dada, cheka," akanong'ona. "Wanakungoja wewe. Kidogo tu."

Akamshika goti, kama zamani alipotaka kubebwa. Nyoosha akamtazama. Mate yalikuwa mdomoni, pumzi ilikuwa kifuani, kicheko chenyewe angeweza kukitoa. Alikuwa amecheka mambo magumu kuliko hilo na watu wakamwamini. Akautoa mkono wa mdogo wake gotini taratibu, kidole kwa kidole, kama anayetoa uzi kwenye nguo, akarudisha macho kwenye kioo. Akaitazama filamu mpaka ikaisha, akiwa amekaa wima, hakucheka tena hata mara moja. Wala hakucheka mtu mwingine. Bwana wa televisheni aliondoka kabla ya mwisho, kwa adabu, akiomba njia kwa kila goti.

Nje, jua lilikuwa bado kali. Watu walitawanyika upesi, bila yale mazungumzo ya mlangoni. Kitinda alimfuata dada yake mpaka kwenye ukuta wa shule, koti amelivua, shati la ndani limelowa jasho.

"Umeniangusha, dada," akasema. "Ungecheka tu, angenunua."

"Kile cha kituoni nilikupa," Nyoosha akamwambia. "Cha shati alikupa nani?"

"Si uliniambia wewe mwenyewe?"

"Nilikuambia wewe."

Kitinda akasema kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba alidhani limeshapita, kwamba dada yake hucheka kila kitu, hajawahi kumwona akishindwa kucheka jambo; angejuaje kuwa hili halichekeki? Na nadhani alisema kweli, jambo ambalo halimsafishi hata kidogo. Alimwona dada yake amelala na homa. Alilia naye. Alijua vizuri sana halichekeki, kisha akajisahaulisha, kwa sababu lingependeza kwenye picha. Akaahidi kulirudisha lile shati.

"Ulilichukua lisinimalize," Nyoosha akasema. "Basi kaa nalo." Akaenda zake, na hakusindikizwa.

Jumatatu aliingia kazini mapema kuliko wote, asitake kumkuta mtu anamsubiri. Wenzake walifika, wakamsalimia kwa sauti ya chini. Mmoja akamuuliza kama amekula. Mwingine akamwondolea kapu zito la foronya mikononi, yeye ambaye miaka yote alibeba makapu mawili mawili. Hakuna aliyetaja filamu. Walikuwa watu wema, na Nyoosha angewashukuru kama wangekuwa wabaya kidogo.

Mashuka yakatoka kwenye mashine yakiwa na joto. Mrefu akashika ncha zake, Nyoosha zake, wakakung'uta, wakavuta. Basi akafanya alilolijua. Akasema kwa sauti ya juu, ya kawaida yake, kwamba siku ile kituoni jua lilikuwa kali jamani, na mama wa watu ana mizigo. Vichwa vikainuka. Mikono ikaendelea na kazi, kama sheria inavyotaka. Alisimulia vizuri. Pengine hajapata kukisimulia vizuri hivyo: akabeba mizigo, akanunua maji, akapokea sifa za mashati, akapunga mkono. Akamwendea Mrefu, hatua moja, hatua nyingine, vidole vikagusana.

"Watu wa basi hili wana adabu," akasema.

Akacheka kwanza, yeye mwenye kisa. Akawapa ruhusa. Akawatazama, huyu na huyu, akingoja chumba kianguke. Wote walikuwa wanamtazama, na machoni mwao aliliona shati la buluu limekaa kwenye kiti. Mmoja alijaribu, ikatoka sauti kama ya kukohoa, akainama haraka kutafuta kitu chini ya meza.

Mrefu hakuachia ncha za shuka. Alibaki amemshika Nyoosha vidole ndani ya kitambaa, muda mrefu kuliko kukunja kunavyotaka, na macho yake yakajaa maji. Nyoosha akavuta mikono yake. Akaliweka shuka kwenye rundo, akalipapasa likae sawa, akamwambia Mrefu alete jingine.